Nusu Kichwa

Simu ililia nikiwa katikati ya kichwa cha fundi Magesa,
kushoto upara, kulia nywele bado zimesimama.
Nikamwambia, samahani, ni wao.
Akasema, nenda, mimi siungui.

Kutoka kinyozi Kirumba hadi kituoni
ni bodaboda ya elfu moja, na elfu ni yangu.
Mkataba una ukurasa mmoja tu, nimeukariri:
zimamoto wa kuitwa hulipwa kwa saa,
na saa huanza gari likitoka getini.
Kabla ya geti mimi ni kinyozi.
Ndani ya geti, nikitafuta buti,
mimi si kitu.

Buti ni jozi nne, sisi tuko saba.
Nikaangukia za Bulugu, namba arobaini na tano,
nikazijaza gazeti la juzi,
nikapanda gari nimekanyaga matokeo ya mpira.

Moto ulikuwa juu, Mabatini,
kule nyumba zimedandia mawe kama kuku waliokwisha kulala.
Gari likakwama chini, njia ilipogeuka kuwa ngazi.
Tukaubeba mpira mabegani, watu sita,
joka zito lisilo na mate.
Ukigeuka pale juu unaliona ziwa lote,
maji mpaka macho yanachoka,
na bomba la mtaa linakohoa kutu.
Mama mmoja akanipa ndoo ya maji ya kufulia,
yana povu, yana soksi moja ya mtoto.
Niliyapokea kwa mikono miwili.

Tuliokoa vyumba viwili, cherehani, mbuzi.
Kitanda cha chumba cha nyuma hatukukiwahi.
Juu ya kitanda kile sisemi zaidi.

Mwisho wa mwezi nilikwenda kwa mhasibu.
Bi Nyanjige si mtu mbaya,
feni yake haizunguki, naye hutoka jasho kama sisi.
"Saa mbili na nusu," akasoma. "Nusu hatulipi, tunaishusha."
Elfu tano mara mbili.
Nikamuuliza: na usiku ninaolala na simu kifuani?
Na bia ya harusi ya Misana,
niliyoishikilia mpaka ikapata joto la kiganja?
Na shangazi Nyabise, aliyezikwa Ukerewe mimi nikiwa huku,
kwa kuwa kivuko ni saa tatu
na ninyi mnanitaka kwa dakika kumi na tano?
Akaigeuza fomu. Akatazama nyuma yake,
kweli alitazama,
nyuma kulikuwa kweupe.
"Kusubiri," akasema polepole, "hakuna kisanduku."

Lakini hayo ni ya mwisho wa mwezi.
Jioni ile ile nilirudi dukani, nikadhani nimefunga.
Taa inawaka. Fundi Magesa yuko kitini,
taulo shingoni, kofia ya mwanangu ameivika upande wenye aibu.
"Nilifika nyumbani," akasema, "mke wangu akaita majirani waje kunitazama.
Nikaona bora nirudi."
Nikanawa mikono. Nikanawa tena.
"Unanuka moshi."
"Ndiyo."
"Walipona wote?"
Nikawasha mashine.

Upande wa kulia nilinyoa taratibu kuliko wa kushoto,
mkono ulikuwa na mtetemo wake, naye akajifanya hauhisi.
Nilipomaliza akajitazama kwenye kioo,
akatoa elfu mbili, akaishika hewani, akacheka.
"Nimekaa hapa saa nne, kinyozi.
Nani atanilipa mimi?"

Alikuwa anatania. Najua alikuwa anatania.
Nikamkunjia vidole juu ya noti yake,
nikamwambia, umeshalipa, nenda.
Kisha nikafagia nywele zake, za mchana na za usiku,
rundo moja,
na simu nikaiweka penye kioo,
uso juu.